Vidonda vya mgandamizo wodini: ukitaka idadi ya kweli, funua shuka

Ukiuliza hospitali ina wagonjwa wangapi wenye vidonda vya mgandamizo, hivi ambavyo wengi wetu tunaviita vidonda vya kitandani au vya kulalia, jibu linategemea umeuliza wapi. Mafaili yatakupa namba moja. Ukifunua shuka, ukamgeuza kila mgonjwa na kumtazama kifandugu (mfupa wa mwisho wa mgongo, juu ya makalio) na visigino, utapata namba nyingine kabisa. Katika hospitali moja ya chuo kikuu nchini Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifanya yote mawili kwa wagonjwa walewale 413. Mafaili yalisema asilimia 14.3 wana vidonda. Ngozi zao zilipokaguliwa, ikawa asilimia 33.3. Yaani zaidi ya nusu ya wenye vidonda hawakuwa wameandikwa popote.

Ndiyo maana kila ninapoona takwimu za vidonda hivi, swali langu la kwanza ni moja: nani aliangalia ngozi?

Takwimu zilizopo si haba. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti za nchi nyingi zenye jumla ya wagonjwa zaidi ya milioni 2.5, ulipata kwamba kati ya watu wazima waliolazwa, asilimia 12.8 walikuwa na kidonda cha mgandamizo. Waliovipata wakiwa tayari wamelazwa walikuwa asilimia 8.4. Namba hizi mbili zimetoka kwenye mafungu tofauti ya tafiti, kwa hiyo usitoe moja kwenye nyingine ukadhani umepata idadi ya waliokuja navyo kutoka nyumbani. Barani Ulaya, ukaguzi uliofanywa katika hospitali 25 za Ubelgiji, Italia, Ureno, Uingereza na Sweden, kwa wagonjwa 5,947, ulipata asilimia 18.1. Wodi za mahututi ni habari nyingine. Tarehe 15 Mei 2018 wodi hizo 1,117 katika nchi 90 zilihesabu wagonjwa wao siku moja, wote pamoja 13,254, na asilimia 26.6 walikuwa na kidonda. Kwa jirani zetu wa Ethiopia, katika hospitali ya rufaa ya Felege Hiwot mjini Bahir Dar, wagonjwa 71 kati ya 422 walikutwa navyo, sawa na asilimia 16.8.

Kwa hiyo ukisimama mlangoni mwa wodi ya watu wazima yenye vitanda 30, tegemea wagonjwa watatu hadi watano. Ukiambiwa hakuna hata mmoja, inawezekana kabisa wodi hiyo inafanya kazi nzuri sana. Inawezekana pia hakuna aliyegeuza mtu.

Namba hizi hupanda na kushuka kwa sababu zinazoeleweka, na ya kwanza ni daraja la 1. Kidonda cha daraja la 1 bado hakijachanika: ngozi ni nzima, ila imebadilika rangi, na rangi hiyo haipotei ukiibonyeza. Daraja la 2, ngozi ya juu imetoka au kuna lengelenge. La 3, kidonda kimefika kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. La 4, unaona au unagusa msuli, kano au mfupa. Kuna pia vile vilivyofunikwa na gamba jeusi au utando wa manjano hadi huwezi kujua kina chake, na vile vya zambarau iliyokoza ambavyo uharibifu uko ndani huku ngozi ikiwa bado imefunga. Katika ule ukaguzi wa Ulaya, ukiondoa daraja la 1 peke yake, asilimia 18.1 inashuka hadi 10.5. Ripoti mbili zinaweza kusemea wodi zenye hali ileile, moja ikaonekana imefanya vizuri karibu mara mbili, kumbe imeacha tu kuhesabu daraja la 1.

Kuliacha daraja hilo ni kosa, kwa sababu ndilo lenye matumaini. Kwenye uchambuzi wa 2020, asilimia 43.5 ya vidonda vilikuwa daraja la 1 na asilimia 28 daraja la 2. Zaidi ya saba katika kila kumi, basi, vilikuwa bado mahali ambapo kumwondolea mgonjwa uzito kwenye sehemu ile kunatosha, au kunakaribia kutosha, kuviponya.

Tatizo ni kwamba maelezo ya daraja la 1 yaliandikwa kwa ngozi nyeupe. "Wekundu usiopotea" kwenye ngozi ya Mtanzania au Mkenya mweusi mara nyingi hauonekani kabisa. Unachokiona, kama utakiona, ni sehemu iliyokoza kuliko jirani yake, yenye zambarau kwa mbali, au buluu, au kijivu. Marekani, ambako wagonjwa wa rangi zote hulala wodi moja, tatizo hili linajulikana kwa miaka mingi: kwa weusi daraja la 1 huandikwa mara chache, na vidonda vyao huja kugunduliwa vikiwa vimeshaenda mbali. Ngozi zao si dhaifu. Macho ya mkaguzi yalifundishwa kutafuta rangi isiyokuwepo.

Kwa ngozi zetu mkono unaona kuliko jicho. Mgeuze mgonjwa ubavu, kisha subiri dakika kadhaa, maana wekundu au weusi wa kawaida wa kulalia huondoka wenyewe. Tumia mwanga wa dirishani au tochi. Taa za mirija zinaipa ngozi ubuluu na kukupotosha. Lowanisha sehemu hiyo kidogo kwa maji safi, tofauti ya rangi hujitokeza zaidi. Weka mgongo wa mkono wako juu ya mfupa, kisha usogeze kidogo hadi kwenye ngozi ya pembeni. Kama pale juu ya mfupa pana joto zaidi, hiyo ni dalili. Pakiwa pamepoa kuliko jirani, nayo ni dalili, tena mbaya zaidi, kwani damu imeshapungua. Bonyeza taratibu kwa kidole: pamekakamaa, au pamelegea kama tope? Ngozi inang'aa na kujivuta? Halafu muulize mgonjwa. Maumivu mara nyingi hutangulia rangi, na mgonjwa anayelalamika kwamba kisigino kinamuuma hadekezwi wala hadeki, anakupa taarifa ambayo hakuna kipimo kingine kitakupa mapema vile.

Mtu aliyewahi kununua embe lililoanguka analijua jambo hili: ganda zima, ndani limeshalainika. Uzito wa mwili unapobanwa kati ya mfupa na godoro, tishu zilizo karibu na mfupa ndizo hubanwa zaidi, na msuli huvumilia ukosefu wa damu kwa muda mfupi kuliko ngozi. Hapo uharibifu huweza kuanzia chini kuja juu. Hii inaharibu pia hesabu ya "kidonda kimeanzia wapi", kwa sababu ule uharibifu wa ndani huweza kuchukua saa 48 hadi 72 kujitokeza kwenye ngozi. Zambarau unayoiona Alhamisi asubuhi wodini huenda ilianza Jumatatu usiku kwenye machela ya dharura, au Jumanne mezani kwenye chumba cha upasuaji. Wodi inalaumiwa, machela inabaki na sponji yake ya unene wa vidole viwili.

Kuna jambo lingine linalopotosha hesabu: unyevu. Mgonjwa asiyezuia mkojo au haja kubwa hubabuka makalio, na mkaguzi mgeni huandika "kidonda cha mgandamizo daraja la 2". Mbabuko wa unyevu husambaa, hauna mpaka unaoeleweka, haukai juu ya mfupa, na mara nyingi kalio la kushoto na la kulia hubabuka mahali pamoja kama vile moja ni kioo cha jingine. Kidonda cha mgandamizo kiko juu ya mfupa na kina ukingo. Mgonjwa anaweza kuwa na vyote viwili, na ngozi iliyolowana huchanika upesi, kwa hiyo andika vyote, ila kila kimoja kwa jina lake.

Hesabu yenyewe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji asubuhi moja na watu wawili. Mmoja awe muuguzi wa wodi hiyo, mwingine atoke wodi nyingine, kwa sababu jicho lililozoea huona kilichozoeleka. Kabla ya kuanza, kaeni na picha kumi hivi za vidonda vya madaraja mbalimbali mkubaliane mnaita nini. Chagueni wagonjwa wote waliokuwa wamelazwa kabla ya saa sita usiku wa kuamkia siku hiyo. Ombeni ridhaa, vuteni pazia, na mtenge dakika 5 hadi 10 kwa kila mtu. Anzeni kisogoni, masikio, mabapa ya mabega, viwiko, mstari wa uti wa mgongo, kifandugu, nyonga zote mbili, mifupa ya kukalia, magoti kwa ndani, vifundo, visigino, vidole vya miguu. Kisha vifaa: mrija wa oksijeni unapopita juu ya sikio, mpira wa kulishia unapogusa tundu la pua, mpira wa mkojo ulioachwa chini ya paja, kola ya shingo, kingo za POP (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika), kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Vidonda vya vifaa husahaulika sana kwa kuwa haviko "mgongoni".

Soksi zivuliwe. Bandeji inayoweza kufunguliwa ifunguliwe. Visigino vingi hupotea kwenye takwimu kwa ajili ya soksi tu.

Tuchukue mfano wa wodi yenye wagonjwa 32, wawili wakakataa, mkakagua 30. Wanne wana kidonda angalau kimoja. Idadi ni 4 kati ya 30, asilimia 13.3, usigawanye kwa 32, na mgonjwa mwenye vidonda vitatu ni mtu mmoja. Kama mmoja alikuja nacho kutoka nyumbani na mlikiandika siku aliyolazwa, waliovipata kwenu ni watatu, asilimia 10. Kama hamkukiandika siku ile, hamna namna ya kujitetea, kitahesabiwa ni chenu. Ndiyo sababu ngozi ikaguliwe ndani ya saa chache za kwanza baada ya kulazwa, tena tarehe na saa ziandikwe.

Mwezi unaofuata mkipata watatu badala ya wanne, msifanye sherehe. Kwa wodi ya watu 30 hiyo ni tofauti ya mtu mmoja, na huenda mwenye kidonda kikubwa ameruhusiwa tu. Hesabu ya siku moja ina kasoro hiyo: kidonda cha daraja la 4 hukaa miezi na huhesabiwa kila mara, huku vile vya daraja la 1 vilivyokuja na kupona katikati havionekani kamwe. Kujua kama mnazuia, hesabuni vipya. Uchambuzi wa 2020 ulipata visa vipya 5.4 kwa kila siku 10,000 za kulazwa. Wodi iliyojaa vitanda 30 ina siku 900 za kulazwa kwa mwezi, kwa hiyo wastani huo kwake ni kama mgonjwa mmoja mpya kila miezi miwili. Wodi inayopata wapya wawili au watatu kila mwezi ina jambo la kurekebisha, na haihitaji mtaalamu kutoka nje kuiambia.

Mgonjwa gani? Hapa watu humfikiria bibi mzee aliyepooza, na kweli yumo. Lakini kwenye wodi za mifupa za Afrika Mashariki mtazame kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mguu unavutwa kwa uzito kwa wiki sita. Ana nguvu, anakula, anacheka na wenzake. Kila anapotaka kujisogeza juu hukita kisigino cha mguu mzima kwenye godoro na kujisukuma. Kidonda hutokea kwenye mguu ambao haujavunjika, na kwa kuwa ndio mguu mzima, hakuna anayeuangalia. Mpe kishikio cha juu ya kitanda ajivute kwa mikono, hata kama ni kipande cha bomba na kamba imara.

Kipimo cha Braden, kilichotolewa mwaka 1987, husaidia kuwachuja walio hatarini: vipengele sita, alama 6 hadi 23, na kadiri alama zinavyoshuka ndivyo hatari inavyopanda, 18 kushuka chini ni wa kuangaliwa. Kijaze, lakini alama haimgeuzi mtu. Kwenye ule ukaguzi wa hospitali 25 za Ulaya, ni asilimia 9.7 tu ya waliohitaji kinga ndio waliokuwa wakiipata ipasavyo.

Kumgeuza basi. Saa 2 kwa saa 2 ni kanuni ya godoro la kawaida. Kwenye godoro zuri la sponji nzito baadhi ya wagonjwa huvumilia saa 4. Kagua godoro kwanza: kandamiza ngumi pale kifandugu kinapokaa, na ukigusa chuma au ubao wa kitanda, godoro hilo limekufa, ligeuze au liondoe. Usimlaze mgonjwa ubavu moja kwa moja digrii 90, utahamisha tatizo kwenye nyonga. Mwinamishe kama digrii 30, mto nyuma ya mgongo na mwingine kati ya magoti, kisha pitisha kiganja chini ya kifandugu: kipite bila kubanwa. Kichwa cha kitanda kisizidi digrii 30 muda mwingi. Akila, muinue, lakini inua magoti kwanza ndipo kichwa, la sivyo atateleza taratibu kuelekea miguuni, ngozi ikibaki imeganda kwenye shuka huku mfupa ukishuka. Mvuto huo wa ndani hukata mishipa midogo ya damu upesi kuliko uzito peke yake. Kwa sababu hiyohiyo msimburute kumpandisha. Watu wawili, shuka au khanga iliyokunjwa chini yake, ananyanyuliwa.

Visigino havihitaji kitu laini, vinahitaji hewa. Weka mto kwa urefu chini ya mashavu ya miguu yote miwili, goti likunjike kidogo tu, kisigino kining'inie. Karatasi ipite chini yake bila kukwama. Glovu iliyojazwa maji haisaidii: eneo la kisigino ni dogo, maji hukimbilia pembeni na mfupa hufika chini.

Kwa nia njema kabisa, ndugu hukunja khanga wakafanya kata, ileile ya kubebea ndoo kichwani, wakaiweka chini ya makalio ili kidonda "kipumue". Kata hiyo hubana mduara mzima kuzunguka kidonda na kuzuia damu isiingie katikati, ambako ndiko inakohitajika zaidi. Iondoeni, na mito ya duara yenye tundu pia. Kusugua mgongo kwa spiriti na pauda, kulikofundishwa miaka mingi, nako kuachwe: spiriti hukausha ngozi, na kusugua juu ya mfupa huchana tishu ambazo tayari zimechoka. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando kidogo au marhamu ya zinki panapolowana. Makintoshi (shuka la mpira) iliyowekwa moja kwa moja chini ya mgonjwa humfanya atoke jasho usiku kucha; kama lazima iwepo, iwe na shuka juu yake, isiwe na mkunjo, na pampasi isisubiri zamu inayofuata.

Chati ya kumgeuza ina ugonjwa wake. Ukiona saa 2, saa 4, saa 6 na saa 8 zote zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko usiotetereka, imejazwa mwisho wa zamu. Chati iandike mkao: "saa 4, kushoto". Msimamizi apite saa 4 na nusu, alinganishe na mgonjwa alivyolala. Usiku, muuguzi mmoja na wagonjwa wengi, hawezi kuwageuza wote peke yake, na kumlaumu ni kumwonea. Chagua wale wenye hatari kubwa na uwalaze vitanda vilivyo karibu na meza ya wauguzi. Ndugu anayekuja asubuhi, mchana na jioni afundishwe kwa mikono yake mwenyewe namna ya digrii 30. Hapo una mikao mitatu kwa siku iliyo na uhakika.

Chakula nacho. Aliye hatarini anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa kama daktari amemzuia kwa ajili ya figo. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 75 hadi 90. Uji mtupu haufiki huko hata akinywa chupa nzima. Mayai matatu ni gramu 18 hivi, glasi mbili za maziwa 16, vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa 30, na nyama iliyopikwa gramu 100 inaongeza 26. Hapo mmefika 90. Asiyeweza kutafuna, yai na maziwa vikorogewe kwenye uji ukiwa bado unachemka.

Na siku ya kuruhusiwa, mgonjwa mwenye kidonda hutoka kwenye hesabu ya wodi akaingia nyumbani, ambako hakuna anayehesabu. Fomu yake iandikwe mahali kidonda kilipo, urefu na upana kwa sentimita, kina, daraja na tarehe. Gamba jeusi kavu lililoganda kisiginoni, lisilo na usaha wala wekundu pembeni, liandikwe wazi kwamba lisikwanguliwe. Anayemuuguza akione kidonda kwa macho yake kabla hawajaondoka, amgeuze mgonjwa yeye mwenyewe mara moja mbele ya muuguzi, apitishe kiganja chini ya kifandugu, na aambiwe dalili za kurudi bila kusubiri tarehe ya kliniki: harufu mpya, usaha, homa, weusi unaopanuka, au mgonjwa aliyekuwa anaongea vizuri akaanza kuchanganyikiwa.